Stesheni ya Daraja la Ukutani

Nilitumwa Athi River kwa sababu ya mbuzi watatu. Walikuwa mbuzi wa ntheo, ambao bila wao msichana wa Kikamba hahesabiwi kuwa ameolewa, na Mzee Mutua alikuwa amewaleta kwetu Mumbuni ili mwanawe amwoe dada yangu Mwende. Sebuleni kwetu ilining'inia picha ya kale ya daraja kubwa la reli, iliyochapwa kwa wino mweusi, ambayo padri mmoja Mzungu alimwachia babu. Baba akamwambia mgeni kuwa daraja hilo liko Athi River, na babu ndiye aliyelijenga. Mzee Mutua, mstaafu wa reli, hakukubali kushindwa. Akasema amelivuka na treni miaka mingi. Kisha wakabishana stesheni iko upande gani wa daraja, kulia au kushoto, mpaka Mzee Mutua akaondoka na mbuzi wake.

Kesho yake asubuhi nilitoka na picha kwapani kwenda kutafuta jibu. Mwende alikuwa amelia hadi macho yamevimba, nami nilikuwa na hasira na wazee wote duniani. Nilipewa lifti na lori la mchanga.

Saa nne nilifika Athi River, nikafuata reli mpaka darajani. Lilikuwa daraja fupi, la kawaida, na mbuzi walikuwa wakinywa maji chini yake. Mwenye mbuzi hao, mfanyabiashara Msomali aitwaye Abdi, aliishika picha, akarudi nyuma hatua tatu, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hii daraja iko na meli chini yake," akasema. "Na huu mwaka wameandika hapa, reli ilikuwa haijafika kwetu."

Nikamweleza yote. Akaniuliza kama kijana mwenyewe ni mtu mzuri. Nikasema ni mzuri sana.

"Basi jibu ile swali yenye umeulizwa. Daraja hukuulizwa."

Alasiri nilirudi nyumbani. Mzee Mutua alikuwa amerudi kusikia jibu; wazee waliningoja, kila mmoja na kona yake, na mbuzi walikuwa wamefungwa langoni, nusu ndani, nusu nje.

"Stesheni ilihamishwa," nikasema. "Zamani ilikuwa kushoto. Siku hizi iko kulia."

"Nilisema," Baba akasema.

"Nilisema," Mzee Mutua akasema.

Mbuzi wakaingia.

Siku ya harusi wazee waliahidiana kwenda kuliona daraja pamoja Krismasi, nami nikajua uongo wangu utafichuka. Nilidhani siri ni yangu peke yangu. Sasa ni miaka saba, na kila Krismasi ikikaribia, mmoja wao huanza kuumwa goti, na mwenzake humsihi asijisumbue.