Jongoo Kwenye Uji wa Bi Mize

Mwanaasha wa Bwejuu kazi yake majongoo bahari. Maji yakitoka huenda kuwaokota, akawapasua, akawachemsha, akawaanika, kisha Mahfoudh, mnunuzi wa mjini, huja kuwachukua wapelekwe China. Kuwala? Thubutu! Mama yake, Bi Mize, hakusema ni haramu, ila kinyaa alichokuwa nacho hakisemeki. Hata sufuria la kuchemshia majongoo alilikataza lisiingie jikoni.

Sasa Bi Mize akashikwa na tumbo. Mwezi mzima, alacho hakikai, mafua nayo hayamtoki, mwili umekwisha. Kituo cha afya wakampa dawa. Chakula cha majirani akakikataa, cha wakwe akakikataa, akawa anakunywa uji wa Mwanaasha tu. "Mkono wako naujua," alimwambia.

Mahfoudh naye kwa maneno hajambo. Akamwambia Mwanaasha kuwa Wachina huwala majongoo kwa ajili ya utumbo na kinga ya mwili, na wataalamu wanalichunguza jambo hilo. Wanalichunguza, hakusema wamemaliza. Lakini mwenye mama mgonjwa husikia anachotaka kusikia. Mwanaasha akatwanga jongoo mkavu, akamchekecha, akawa anatia kijiko kwenye uji, na iliki nyingi ya kuua harufu. Siku kumi na saba, jamani, bila ya kusema neno.

Bi Mize akapata nafuu. Kama ni dawa za kituo, kama ni jongoo, Mungu ndiye ajuaye. Akaanza kukaa barazani, na kila apitaye akawa anamsifia uji wa Mwanaasha. Mwanaasha akisikia, roho inamsuta. Alijiona mwizi hasa.

Ijumaa moja asubuhi mama akamwita.

"Naam, mama."

"Njoo nikuombee dua, mwanangu. Umenilea kama mtoto."

Akanyanyua mikono. Mwanaasha akaishika, akaishusha.

"Usiniombee, mama. Nlikutilia jongoo kwenye uji. Kila siku."

Bi Mize hakugomba, na heri angegomba.

"Na mie nlikataa chakula cha watu wote," alisema taratibu.

"Nnajua. Nsamehe, mama."

"Nshakusamehe."

Na alimsamehe kweli, dua akamuombea. Lakini mchana ule alijikongoja mpaka jikoni, akawasha moto mwenyewe. Mwanaasha akaenda kumpokea mwiko.

"Wacha tu, mwanangu," mama akasema. "Ntajipikia."

Hadi leo anajipikia.