Tukae Kwanza, Tutabariki Baadaye

Pikipiki ikizimwa hainyamazi papo hapo. Injini inapopoa inaendelea kulia kidogo kidogo, tik, tik, tik, kama mtu anayegonga kikombe kwa ukucha. Mlio huo ninao masikioni hadi leo, kwa sababu wakati unalia mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni pangu, kule Chanika ninakoishi, akisubiri nimjibu.

Alikuwa amepata chumba na sebule, vyenye umeme. Yeye ni fundi wa kuchomelea, na dirisha la sebuleni alikuwa amelitengeneza mwenyewe, lina maua ya chuma.

"Jumamosi nakuja na guta," alisema. "Tunapakia vitu vyako, tunaanza maisha. Tukae kwanza, tutabariki baadaye."

Kwetu hilo ni jambo la kila siku. Watu wanakaa pamoja, wanazaa, halafu wakipata nafasi wanakwenda kanisani mchungaji anaibariki ndoa yao, na kuanzia hapo wanaruhusiwa tena kwenye meza ya Bwana. Na harusi yetu ilishasogezwa mara mbili. Kwanza mahindi ya baba yake kule Mazingara yalikaukia shambani. Kisha kamati ikakaa, wajomba wakagombania ukumbi, wakatawanyika bila kupanga siku.

"Basi tufunge bila sherehe," nikamwambia. "Mchungaji na mashahidi, inatosha."

"Mimi mtoto wa kwanza nioe kama mwizi?"

"Na kunihamisha na guta, huo siyo wizi?"

Akacheka. "Wewe nawe. Mungu anaangalia moyo."

"Nikifia humo ndani utawaambia nini kwetu? Kwamba amekufa nani yako?"

"Ufe saa ngapi na wewe unakula vile?"

Tukacheka wote. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, huwezi kumkasirikia. Nikamwambia nitamjibu.

Jioni nikampigia mama, yuko Kerenge. Baada ya shikamoo nikamweleza. Nikasikia kuku wanapita nyuma yake. "Mimi na baba yako tulianza hivyohivyo," akasema. "Wewe ulikosa nini?" Sikukosa kitu, ni kweli. Lakini alipokata simu nilijiuliza mbona amesema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka jirani asikie.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mwislamu, anapika vitumbua barazani. Yeye alisikia yote, kuta zetu ni nyembamba.

"Nyie mnajichelewesha wenyewe," akaniambia akigeuza vitumbua. "Kwetu wazazi wakiridhia anaitwa shehe, watu wanakula pilau, jioni mko kwenu. Nyie mnasubiri keki. Shetani hasubiri keki, mwanangu."

"Kwa hiyo nihame, mama?"

"Nimesema hivyo? Kukaa bila ndoa ni zinaa, kwangu na kwako. Mwambie aoe. Kile kijana kizuri, lakini kimezoea kuchomelea, kinataka kuunganisha chochote."

Na mchungaji kwenye semina ya vijana huwa anatuambia tusijaribu ndoa kama viatu dukani. Nilikuwa nacheka na wenzangu. Wiki ile sikucheka, maana niliona wote wana haki kidogo, na hakuna hata mmoja atakayekaa na mimi chumbani nikishaamua.

Nisijifanye mtakatifu. Nilikuwa namwogopa Mungu, ndiyo, lakini pia nina ndoto zangu. Nafanya kazi kwenye banda la kushonea, na nguo ya bi harusi ikiisha mimi ndiye ninayeipiga pasi. Huwa naizungusha mbele ya kioo najiona natembea katikati ya watu, wamesimama kwa ajili yangu. Niliishia kidato cha pili, watu hawajawahi kusimama kwa ajili yangu kwa jambo lolote. Nilitaka anichukue mbele ya watu, siyo nyuma ya guta.

Jumamosi alikuja. Nikamwambia siwezi kuhama bila ndoa. Hakugomba. Alimpa mwenye guta ishara ageuze, akaniambia, "Sawa, bibie," akaondoka. Siku zilizofuata nilisubiri arudi na wazee wake. Hakurudi.

Kabla mahindi mapya hayajakomaa nikapita kwenye lile dirisha la maua nikaona limewekwa pazia la pinki. Mimi nisingechagua pinki. Baadaye nikamwona mwenyewe, msichana mdogo wa mwili, tumbo limeshatangulia.

Mchungaji alinisifu kwenye semina, bila kunitaja: yupo binti humu ndani alisimama imara. Watu wakageuka. Nilirudi chumbani na sifa yangu, nikapika wali, nikala na sifa yangu. Kila mara nilikosea kipimo nikapika wa watu wawili, unaobaki nampelekea mama mwenye nyumba, naye hakuuliza. Sijajutia nilichoamua. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukifanya vizuri unaweza kubaki peke yako vilevile.

Mtoto wao alipoanza kukaa, wakaja kubariki. Zamu ya kufagia kanisa wiki hiyo ilikuwa yangu. Ningeweza kubadilishana na mwenzangu, sikubadilishana. Kwetu ndoa ya kubariki haina kwaya wala shela wala shangwe, inafanyika asubuhi siku ya kazi, watu wawahi makazini. Walikuwa wao, wasimamizi wao na bibi mmoja aliyembeba mtoto. Bwana harusi alivaa shati jeupe. Mwenzake alivaa gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, nilikagua mishono nikiwa nyuma na ufagio wangu. Walijibu maswali, wakapiga magoti, wakaombewa. Mchungaji akasema amina, akafunga kitabu.

Kukawa kimya kama ofisini. Yule msichana aliinuka, akageuza uso kwenye mabenchi matupu, upande huu na upande ule, halafu akatazama viatu vyake.

Nikaegemeza ufagio ukutani, nikapiga kigelegele. Kilikuwa kimoja, kifupi, kikakwama kidogo katikati. Nikavuta pumzi nikapiga kingine.