Kabati Zilizoachwa Mtoni

Juzi saluni, mtaani Troyeville huku kusini mwa Afrika, mteja anayesomea kuongoza watalii alikuwa akisukwa huku akitusomea kitabu chake. Kinasema zamani magari ya ng'ombe ya walowezi yalifika kwenye mto wa milimani, na mwinuko wa ng'ambo ukawashinda ng'ombe. Wenyewe wakatupa kabati na vitanda, ndipo wakavuka.

Vidole vya msusi, mama wa Uvira, vikasimama. "Na hizo kabati, nani aliziokota?"

"Eish, mama, hawajaandika."

"Miye niliacha sufuria yangu kubwa kando ya mto Ruzizi, mtumbwi ulijaa. Mpaka leo najiuliza nani anapikia humo."

Tulicheka, yeye hakucheka. Naona historia huvuka na wenye magari, haigeuki kuangalia ukingo.

Akashika tena nywele. "Angalia vizuri, mwanangu. Pengine wameandika huko nyuma."