Swali Moja la Anti Nohea

Anti Nohea Kamakea alikuwa na miaka sitini na tatu, na arobaini kati ya hiyo alikuwa akipika magimbi kwa mvuke katika kiwanda chetu cha poi, ule uji mzito wa magimbi, hapa kisiwani Kauai, Hawaii. Mimi nilikuwa upande wa kusaga, na sikumbuki hata siku moja aliyosema, "Hilo nalijua."

Bosi wetu, Medeiros, akanunua jiko la mvuke lenye kompyuta. Kijana Derek akaja kutoka Honolulu kutufundisha siku tatu, na yeye ndiye angependekeza nani alishike jiko. Kila akimaliza maelezo: "Kuna swali?" Anti kimya. Mikono nyuma, macho kodo.

Sasa jamani, kwetu mwanafunzi huuliza mwisho. Ukiuliza kabla hujatazama ukashiba, bibi anakuuliza macho umemwazima nani. Derek hakuyajua hayo. Siku ya tatu asubuhi akamwambia Medeiros, tena mbele yetu, "Huyu mama hajaelewa kitu. Hajauliza hata swali moja!"

"Anti," Medeiros akasema huku akitazama chini, "Jumatatu utahamia kwenye kufunga mifuko."

Nilipandwa na hasira nikatamani kurusha ndoo. Anti machozi yalimlenga, akayafuta kwa kiganja.

"Kwani mafunzo yameisha?"

"Yanaisha jioni, Anti."

"Basi nina swali. Mwanangu Derek, kipimo cha joto kiko huku mlangoni mwa jiko. Siku zote hizi unaonja trei za mbele tu. Za nyuma umeshazionja?"

"Za nini? Kompyuta inasema yameiva."

"Haya, onja."

Derek akamega gimbi la trei ya nyuma kwa madaha, akatafuna. Haikupita dakika, kijana anakohoa, anajikuna shingo, ulimi nje! Gimbi bichi huwasha, nalo halijui kompyuta. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Anti peke yake hakucheka, alimletea maji.

"Si ungesema mapema!" Derek akalalamika.

"Jana nilionja la nyuma likaniwasha, nikadhani ni gimbi moja tu. Ilibidi nitazame tena."

Medeiros akashusha pumzi. "Anti, yale ya Jumatatu yafute. Jiko ni lako."

"Langu vipi, na vitufe sita bado sijavijua?" Akamshika Derek mkono, akamsogeza kwenye kioo cha mashine. "Anza na hiki. Polepole, mwanangu, tuna muda mpaka jioni."