Sabuni Ndani ya Dhiili

Juzi mpishi wa shule aliunguza maziwa ya chai. Bweni zima lilimlaani. Mimi nikarudi na kikombe kuomba nyongeza. Wenzangu wakasema njaa imenipanda kichwani. Wao sikuwaeleza, ila ninyi nitawaambia: ule moshi ulinukia ayeeyo, bibi yangu.

Wakati wa vita nilikuwa na miaka tisa. Sisi wafugaji tulikuwa tumekusanywa na serikali nje ya Garissa, kijijini kulikozungushiwa miiba, askari langoni. Ngamia wetu walikuwa wamekwisha, wengine kwa risasi, wengine kwa kukosa malisho. Hata hivyo, kila jioni ayeeyo alitia kijinga cha moto ndani ya dhiili, chombo cha maziwa alichosuka mwenyewe kwa nyuzi za mizizi, akakifukiza kana kwamba asubuhi kuna wa kukamwa. Kisha tulikinusa kwa zamu. Chini ya moshi, ngamia wetu mweupe bado alikuwamo.

Shuleni, yaani chini ya turubai, Mwalimu Musyoka wa kutoka bara alitufundisha usafi: chombo cha maziwa huoshwa kwa sabuni. Nilijibu maswali yote, akanizawadia kipande cha sabuni. Mimi, niliyezoea kumtilia mijusi kwenye kofia, sifa zikanilevya. Ayeeyo alipokwenda kupanga foleni ya posho, niliisugua dhiili mpaka ikatoa povu jeupe kuliko maziwa yoyote.

Aliporudi alinusa. Akanusa tena.

"Shukri, umefanya nini?"

"Nimeua viini, ayeeyo!"

"Umemuua ngamia," akasema polepole. "Alikuwa amebaki humu tu."

Akakaa chini, akaipakata dhiili kama mtoto mwenye homa, akalia. Siku ngamia walipoisha hakulia. Walahi, ningeshukuru kupigwa.

Nilimkimbilia mwalimu, naye akaja kuomba radhi. Masikini, akaongeza la kwake: "Pole, mama. Lakini hizi shida hutukomaza. Zinamjenga mtu."

Ayeeyo alijifuta macho, akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mwalimu, mimi ilikuwa mtu mzuri hata wakati ya maziwa."

Halafu akammiminia chai ya rangi, akamtilia sukari yetu ya mwisho.

Tuliifukiza dhiili siku nyingi, mimi nikipuliza mpaka macho yakawa nyanya. Hatimaye jirani akatugawia maziwa ya mbuzi. Ayeeyo akayatia, akatikisa, akanywa wa kwanza. Akafumba macho.

"Tamu," akasema. "Kama ya ngamia."

Akanipa. Ilikuwa sabuni tupu. Nikaomba tena.

Sasa niko kidato cha pili, na wiki iliyopita tuliandikiwa ubaoni kichwa cha insha: Mateso Humjenga Mtu. Nikauliza kwa nini basi punda wa kubeba maji hawajawa walimu wakuu. Nikatolewa nje kupiga magoti kwenye kokoto. Magoti yaliuma sana, wala sikuhisi nikijengwa popote.

Hapo ndipo nikakumbuka uso wa ayeeyo akimeza ile sabuni, nisije nikajiona muuaji. Watu hudhani vita ndivyo vilivyomfanya mpole vile. Vita vilimnyang'anya kila kilichokuwa na kwato, vikamkosa yeye. Ule uongo wake mtamu alikuwa nao tangu wakati wa maziwa.