Kahawia ya Maiti

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, katika chumba cha sanaa cha skuli yetu hapa Doha, chumba kilichonuka gundi na vumbi la kiyoyozi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kesho yake wazazi wangekuja kwenye maonyesho, nami, ambaye hata kuitikia jina langu darasani niliona haya, nilipewa kusimama mbele na kueleza maisha mafupi ya mchoraji mmoja wa Kiingereza wa zama za Malkia Viktoria, kijana aliyesifiwa kila pahala kisha akafa kwa kifua kikuu kabla hajatimiza miaka ishirini na mitano. Nilimpenda, nasema kweli. Wiki nzima nilikuwa nikinakili picha yake ya msichana mgonjwa dirishani, na kila nilipofika kwenye kivuli cha kahawia niliilamba ncha ya brashi ili iwe nyembamba. Mwalimu Achieng, Mkenya mwenye mzaha, aliniona akacheka.

"Wewe, usilambe. Rangi yenye alitumia huyo jamaa ilikuwa maiti ya kale ya Misri. Walikuwa wanaisaga kama njugu."

Nilidhani ananitania. Akasema si utani, rangi hiyo ilikuwa ikiuzwa madukani. Ila kesho nisiitaje, watu watakuwa wanakunywa chai.

Nilikwenda kwenye sinki nikatema mpaka mate yakakauka. Yangu ilikuwa rangi ya skuli tu, najua, lakini kinyaa hakisikii hoja. Jioni nikamweleza mama, ambaye ndiye aliyeitwa kuosha maiti kila alipofariki mwanamke wa kwetu kule Al Wakrah, mji wa jirani. Alisikiliza huku akikanda unga.

"Huyo kijana wenu ana kaburi?"

Nikasema analo, na jiwe lenye jina.

"Na huyo aliyesagwa?"

Sasa nina miaka kumi na minane, na kipaji cha yule kijana sikikatai. Lakini nikisikia watu wakisema maskini, angeishi angefika mbali, mimi humkumbuka yule aliyesagwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Uzuri huu wa picha zake ndani yake mna mtu, na hakuna anayemlilia.

Asubuhi ile ya Alkhamisi niliwahi skuli, nikatwaa wembe nikakwangua kahawia yote kwenye picha yangu mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Mwalimu Achieng akasema nimeiharibu. Wazazi walipoingia, hotuba niliyoikariri ilinikimbia. Mama mmoja, kikombe mkononi, akauliza mbona picha haijamalizika. Nikaweka kidole kwenye ule weupe.

"Hapa pana mtu," nikasema.