Tetemeko ya nyuma ya ukuta

Batu ya Nchelenge, musinicheke. Leo nimetoa familia yangu inje mara mbili.

Bon. Niko na kamashini kadogo kama punje ya muhindi, kanasikia udongo ikitetemeka. Mu ordinateur, kompyuta yangu, nimekatengenezea modele, inaniambia mutikisiko unatoka ku kitu gani.

Asubuhi mustari wa mutikisiko mu ordinateur ukaanza kuruka.
Du. Du. Du.

Modele ikasema: ni kitu kidogo, kiko karibu.
Mi sikuiamini.

"Tetemeko! Mutoke!"

Tukabeba nkambo, mama ya baba yangu, na matelas yake ya kulalia. Mama Furaha, jirani, naye akakimbia kwetu.

Mustari ukatulia. Tukashukuru Mungu, kila mutu akarudi kwake.

Du. Du. Du.

Inje tena! Nkambo sasa ananitukana na Kibemba.

Mama Furaha amekimbia kwetu tena, ndipo nikaona mukono yake. Ameshika mutwangio! Alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya kupika, nyuma ya ukuta yetu.

"Kumbe tetemeko ni mimi?"

Vraiment, nimepumua. Modele yangu iko sawa, na nilikuwa karibu kuifuta.

Nyie mungekimbia, ao mungebaki?

Nkambo amekatala kuingia. Analala pale pale inje ku matelas, anasema anangojea tetemeko iive.